Mali Bila Daftari

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliotutangulia kumaliza masomo hapa, wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliisikia tangu utoto wangu, lakini maana yake niliijua mwaka jana tu, nilipokuwa kiranja wa chakula. Nataka kuwasimulia yaliyonipata, kisha niwaeleze kazi ambazo wengi wetu tunazisikia majina yake bila kuzifahamu, yaani kazi za data.

Shuleni tuko wavulana 400, na kila siku jikoni hupikwa kilo 150 za unga wa mahindi. Siku moja nilifungua daftari la ghala, nikakuta imeandikwa "mifuko 24". Mifuko yetu ya zamani ilikuwa ya kilo 100. Basi nikapiga hesabu: kilo 2,400, chakula cha siku 16. Sikwenda ghalani kutazama. Nikamwambia Padre Mkuu kwamba hakuna haja ya kununua unga upesi. Kumbe mifuko ile mipya ilikuwa ya kilo 50! Siku ya nane unga ukaisha, na siku ya tisa tulikula maharage matupu. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza, "Kaka, kwani hukuhesabu?" Nilikuwa nimehesabu, tena kuzidisha kwangu hakukuwa na kosa. Niliona haya sana.

Mwalimu wetu wa hesabu hakunigombeza. Aliniambia kwamba 24 peke yake ni data, na data peke yake haisemi kitu. Hapana budi ujue ni 24 ya nini, kwa kipimo gani, siku gani, na nani aliyeandika. Maelezo hayo huitwa metadata, maana yake ni habari juu ya data. Daftari letu lilikuwa na data, lakini metadata haikuwamo.

Akaniambia tena kwamba katika kazi kubwa mambo haya hayafanywi na mtu mmoja, ila hugawanywa. Ili nielewe, alinipa mfano wa sensa ya Uganda ya mwaka 2024.

Wa kwanza ni mkusanyaji. Katika sensa ile makarani walipita nyumba kwa nyumba kuanzia tarehe 10 Mei, na kwa mara ya kwanza waliandika majibu katika vishikwambi, yaani kompyuta ndogo za mkononi, badala ya karatasi. Waliuliza habari za watu waliolala nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa nini usiku mmoja tu? Kwa sababu mtu hawezi kulala mahali pawili kwa usiku mmoja. Kwa hiyo hata aliyesafiri asubuhi hahesabiwi mara mbili.

Wa pili ni mhandisi wa data. Kazi yake yafanana na ya fundi wa mabomba. Yeye hutengeneza njia ya kuyatoa majibu vijijini na kuyafikisha katika hifadhidata, ambayo ni kama tangi kubwa lenye vyumba vilivyopangwa. Njiani huweka chujio. Ikiwa karani ameandika kwamba mtoto ana miaka 5 na mama yake ana miaka 4, chujio hulizuia jibu hilo mpaka lisahihishwe. Huko ndiko kusafisha data, na kazi hiyo hula muda mwingi.

Wa tatu ni mchambuzi. Yeye huuliza: Je, imetokea nini? Kwa mfano, sensa ya mwaka 2014 ilipata watu milioni 34.6, na ile ya 2024 ilipata milioni 45.9. Mchambuzi atatuonyesha kwamba watu milioni 11.3 wameongezeka katika miaka kumi, kisha atauliza ni wilaya zipi na ni watu wa umri gani. Lakini yampasa kuwa mwangalifu na wastani. Chukua wanafunzi watano ambao makwao ni mbali na shule kwa kilomita 1, 2, 2, 3 na 42. Wastani wao ni kilomita 10, wala hakuna hata mmoja anayekaa kilomita 10! Ukiwapanga kwa mstari na kumtazama wa katikati, utapata kilomita 2. Hiyo huitwa namba ya kati, na hapa ndiyo inayosema kweli zaidi.

Wa nne ni mwanasayansi wa data. Yeye huuliza: Je, kesho itakuwaje? Huifundisha kompyuta kwa data ya zamani ili ikisie mambo yajayo, kama vile idadi ya madawati yatakayotakiwa. Sehemu ya data huiweka kando asiionyeshe kompyuta, kisha huitumia kuijaribu. Ni kama mwalimu anavyotupa katika mtihani maswali tusiyoyafanyia mazoezi, apate kujua kama tumeelewa au tumekariri.

Wa tano ni mlinzi wa data. Katika data mna majina ya watu, magonjwa yao na mapato yao. Uganda ilitunga sheria ya kulinda data na faragha mwaka 2019, na Kenya vivyo hivyo mwaka huo huo. Mlinzi huangalia nani anaruhusiwa kusoma nini, na kwa sababu gani.

Labda utasema kwamba mkuu wao ni yule wa nne, kwa kuwa jina lake ni kubwa. Mimi nilidhani hivyo zamani. Sasa naona kwamba wote wanne wa nyuma humtegemea karani wa kwanza. Akiandika ovyo, hakuna kompyuta itakayoyageuza maneno yake kuwa kweli, kama vile kuzidisha kwangu hakukuweza kuigeuza mifuko ya kilo 50 kuwa ya kilo 100.

Mwaka huu daftari la ghala lina safu za tarehe, idadi ya mifuko, uzito wa mfuko, na jina la mwandishi. Kila Jumamosi kiranja huingia ghalani na kuhesabu kwa macho yake. Unga haujatupungukia tena.

Mimi nikijaliwa kufaulu mtihani, natumaini kusoma takwimu Makerere. Nanyi ndugu zangu wadogo, msingoje kompyuta. Anzeni na daftari, na juu ya kila ukurasa andikeni kipimo. Na ninyi mliotutangulia, ikiwa yuko miongoni mwenu afanyaye mojawapo ya kazi hizi tano, twamwomba aje siku moja atueleze yale ambayo mimi sijayafikia.