Ajali na jeuri: juu ya nini waganga wanazihesabu kama kolera

Kolera ikiingia katika kartye moja ya Goma ao Uvira, watu wa afya hawasemi ni bahati mbaya tu. Wanauliza haraka: wagonjwa walichota maji wapi? Avenue gani haijaguswa, na juu ya nini? Kisha maji yanatiwa klore. Lakini pikipiki ikigonga mtoto, ao kijana akichomwa kisu mbele ya nganda, wengi wetu tunasema "siku yake ilifika", na maisha yanaendelea.

Kuna tawi la afya ya jamii ambalo halikubali jibu hilo: kuzuia majeraha na jeuri. Kulingana na OMS, majeraha ya ajali na ya jeuri yanaua watu karibu milioni 4,4 kila mwaka duniani. Mwaka wa 1996, Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulitangaza kwamba jeuri ni tatizo la afya ya jamii. Maana yake, si kazi ya polisi na tribinali peke yao.

Wanajifunza nini?

Mwanafunzi wa kazi hii anafundishwa hatua nne. Kwanza kuhesabu: nani aliumia, wapi, saa ngapi, kwa kitu gani. Pili, kutafuta visababishi. Tatu, kujaribu njia ya kuzuia na kupima kama inasaidia kweli. Nne, kueneza ile iliyofaulu.

Chombo kimoja kinachojulikana sana kilitoka kwa William Haddon, munganga wa Marekani aliyekuwa mkuu wa kwanza wa ofisi ya serikali ya usalama wa barabara mwaka wa 1966. Aligawanya ajali katika sehemu tatu: mbele ya ajali, wakati wa ajali na nyuma ya ajali. Katika kila sehemu anaangalia mtu, chombo na mazingira.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa bandarini wakiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Mbele ya ajali, boti ilikuwa imepakia kupita kiasi, na wengi walipita ziwani kwa sababu vita vilikata barabara. Wakati wa ajali, swali ni jile: je, kila abiria alikuwa nayo, hata mtoto? Nyuma ya ajali: waokoaji walifika kwa dakika ngapi, na walikuwa na vifaa gani? Ukisema tu "ni kosa la kapiteni", maswali hayo yote yanafungwa, na boti ingine inapakia kesho.

Na kwa jeuri?

Mji wa Cali, Kolombia, ulipata meya munganga mwaka wa 1992, Rodrigo Guerrero, aliyesomea namna magonjwa yanavyoenea. Watu walisema mauaji yote ni ya wauza madawa ya kulevya. Yeye alikusanya polisi, waganga na watu wa sheria kila juma, wahesabu pamoja. Waliona kwamba vifo vingi viliangukia mwisho wa juma, hasa nyuma ya siku ya mshahara, pamoja na pombe na bunduki. Basi siku hizo ilikatazwa kubeba bunduki, hata kwa mwenye ruhusa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba siku za katazo mauaji yalikuwa chini kwa asilimia 14.

Hesabu hiyo haimalizi vita. Lakini inaanza na kitu ambacho kila kituo cha afya kinacho: kitabu cha wagonjwa. Neno "ajali" peke yake ndani ya kitabu halisaidii sana. Likiandikwa "pikipiki, saa moja ya usiku, kwenye mzunguko fulani, bila kaske", na likirudi mara kumi kwa mwezi, chifu wa kartye na chama cha wamotari wanajua pa kuanzia. Kaske nzuri inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70.

Ukipeleka mtu aliyeumia, mwambie muuguzi mahali, saa na kitu kilichomuumiza, na uombe viandikwe.