Msichana Aliyenyamaza Mwaka Mzima

Midomo ya Melinda Sordino imechubuka kwa kuing'ata. Anatoroka vipindi, alama zake zinaporomoka muhula baada ya muhula, na siku alipogawa nakala za insha yake badala ya kuisoma mbele ya darasa, mwalimu alimpa alama ya D. Wakubwa wengi wanaomzunguka wamekwisha kumwamulia: ana jeuri.

Melinda ni mhusika wa Speak, riwaya ya Mmarekani Laurie Halse Anderson iliyotoka mwaka 1999, na shule yake iko Syracuse, New York. Msomaji anagundua polepole kwamba kabla Melinda hajaanza sekondari, kwenye sherehe ya mwisho wa likizo, alibakwa na mvulana aliyemzidi umri. Alipiga simu polisi, lakini maneno yakamkwama. Polisi walipofika sherehe ikavunjika, na wenzake wakamsusa bila hata mmoja kumuuliza alikuwa anataka msaada gani.

Yale maneno yaliyokwama yana maelezo ya kitabibu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za ubongo watu wanane wenye kiwewe huku wakisikilizishwa masimulizi ya yaliyowapata. Amigdala, sehemu inayohusika na hofu, ilichangamka. Eneo la Broca, linalosaidia kuunda matamshi, likapunguza kazi. Watu wanane ni wachache, na picha hizo hazielezi kila kimya. Lakini utafiti wa Stockholm uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura baada ya kubakwa, na asilimia 70 kati yao walieleza kwamba wakati wa tukio mwili uliganda kwa kiwango kikubwa. Walioganda ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kupata kiwewe na sonona kali miezi sita baadaye. Swali lile wanaloulizwa wasichana tangu nyumbani hadi mahakamani, "Mbona hukupiga kelele?", linadai kitu ambacho mwili wenyewe huenda ulikizuia.

Sonona kwa kijana nayo ina hila zake. Si lazima alie. Anaweza kuwa mkali, kulala ovyo, kuwakwepa marafiki au kuacha kusoma, na ndiyo maana huchapwa au kusimamishwa shule kabla ya kupelekwa kwa daktari.

Anayemfaa Melinda ni mwalimu wa sanaa, Bwana Freeman. Anampa kazi moja ya mwaka mzima: achore mti. Melinda anaharibu karatasi, anaanza tena, na mwalimu hamlazimishi kusema. Chumba cha vifaa vya usafi anamojificha Melinda kina picha ya mwandishi Maya Angelou ukutani, na hapo Anderson hakubahatisha: Angelou alibakwa akiwa mtoto, na mbakaji alipouawa, Angelou aliamini kwamba sauti yake mwenyewe ndiyo iliyomuua, akanyamaza karibu miaka mitano. Bibi Bertha Flowers wa Stamps, Arkansas, alimrudisha kwenye maneno kwa kumsomea vitabu. Anderson mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2019 kwamba alibakwa akiwa na miaka 13.

Riwaya isigeuzwe mwongozo wa tiba, maana Melinda anapona bila mtaalamu. Tiba yenye ushahidi mzuri humfundisha kijana kwanza kuutuliza mwili, kisha asimulie tukio kidogo kidogo, mlezi naye akishirikishwa. Tiba ya aina hiyo imejaribiwa Kenya na Tanzania kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi na kubaki na dalili za kiwewe, ikitolewa na washauri wa kawaida waliofunzwa, si madaktari wa akili. Kwa matokeo ya mwaka 2020, katika maeneo matatu kati ya manne dalili zilipungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Katika eneo la nne, la mjini Tanzania, makundi yote mawili yalipata nafuu bila tofauti kubwa.