Imechakaa au imechakazwa? Lugha ya kitambaa kilichozeeshwa

Wenzetu wanaosoma sanaa hutia kitambaa rangi, kisha hukaa wiki nzima wakiiondoa rangi hiyo. Hukisugua, hukichoma kwa javeli, hukitoboa. Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza kitivo cha lugha kinahusikaje. Kinahusika, kwa sababu kazi hizo zikitundikwa ukutani zinahitaji vibao vya maelezo, na mwaka huu niliombwa niviandike vile vya Kiswahili. Kibao kimoja kilinichukua siku nyingi kuliko vingine vyote kwa pamoja.

Kazi yenyewe ni nguo tatu za kazi za mgodini, buluu, zimetundikwa sambamba. Moja ilivaliwa na babu wa msanii kwa miaka mingi. Mbili zilinunuliwa mpya sokoni hapa Lubumbashi, naye msanii akazizeesha kwa mkono wake hadi zikakaribia kufanana na ile ya kwanza. Mji wetu umejaa wazee waliovaa nguo kama hizo, na baadhi yao watakuja kutazama. Kibao kitawaambia nini?

Kwanza nieleze jinsi nguo mpya inavyozeeshwa, maana bila hilo swali la lugha halieleweki.

Hatua ya mwanzo ni kujua uzi. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini poliesta huyeyuka na kuganda kama tone gumu. Tofauti hii ni kubwa. Javeli huondoa rangi nyingi za pamba kwa urahisi, ila poliesta huitazama tu. Kisha nguo ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ili wanga wa kiwandani utoke, la sivyo rangi na dawa vitashika kwa mabaka.

Baada ya hapo msanii alifanya jambo ambalo wengi hulipuuza: alikaa na nguo ya babu siku mbili akiisoma. Nguo iliyovaliwa haichakai kila mahali sawasawa. Magoti hupauka kabla ya mapaja, kingo za mifuko hukatika mahali mkono unapoingilia, viwiko husuguka, na kila kunjo huacha mstari mweupe juu na mweusi ndani. Chini ya kwapa rangi hubadilika kwa jasho. Wanaoanza humwaga javeli popote, na matokeo yake ni nguo yenye madoa, wala si nguo yenye umri.

Kwa magoti na viwiko alitumia msasa. (Neno hili lina historia nzuri: msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijachukua jina lake.) Kwa kunjo alitumia brashi ndogo na javeli iliyopunguzwa, sehemu moja ya dawa kwa sehemu kumi za maji, dakika chache tu, kisha akasuuza kwa maji mengi mara kadhaa. Javeli haijui kusimama penye rangi. Ikimaliza rangi huendelea kula nyuzi za pamba zenyewe, na kitambaa kilichosuuzwa vibaya huraruka baada ya miezi. Kazi hii ifanyiwe nje, na glavu mikononi. Na mtu asichanganye kamwe javeli na siki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Nasisitiza kwa sababu siki nayo ilikuwa pale pale kwenye meza yake, kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ni kutia weusi. Misumari yenye kutu ikilowekwa katika siki siku kadhaa hutoa maji ya chuma. Kitambaa kikichovywa kwanza katika chai nzito, kisha katika maji hayo, hugeuka kijivu na hatimaye karibu cheusi, kwa kuwa tanini ya chai na chuma hukamatana ndani ya uzi. Ni kanuni ile ile ya mafundi wa bogolan wa Mali, wanaotumia majani yenye tanini na tope lenye chuma. Tope letu la hapa lina mvuto wake pia, lakini lisichotwe karibu na mitambo ya zamani ya kuyeyushia shaba, ambako udongo una metali zisizofaa kushikwa kila siku.

Kwa wekundu alijaribu unga wa mukula, ule mti wa Katanga ambao magogo yake yamesafirishwa mengi mno hadi ukaingizwa mwaka 2019 katika orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Aliomba vumbi la msumeno kwa seremala, na sioni sababu ya kukata mti kwa ajili ya beseni moja la rangi. Wekundu wa mukula ni mkaidi: hauyeyuki katika maji ya kawaida. Maji ya majivu huutoa, pombe kali pia. Ukitumia maji matupu utapata supu ya vumbi.

Kuna watakaosema kuharibu kitambaa kwa makusudi ni mtindo wa kigeni, wa suruali zinazouzwa zikiwa na matundu tayari. Hao nawaelekeza Kasai. Wakuba hufuma kitambaa cha rafia, na kikitoka kwenye mtambo huwa kigumu, hivyo hutwangwa kinuni mpaka kilainike. Kutwanga huko hutoboa. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba viraka vilivyoshonwa kufunika matundu hayo ndivyo vilivyozaa mapambo ya viraka kwenye sketi ndefu za Wakuba, na baadaye viraka vikawekwa hata pasipo tundu. Henri Matisse alikusanya vitambaa vya Kuba na kuvitundika katika karakana yake. Tundu la kinu halikumficha mtu yeyote kitu, na hapo ndipo naona tofauti na kazi yetu: mbele ya nguo tatu zinazofanana, mtazamaji anaweza kudanganyika.

Narudi kwenye kibao. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya nguo kupoteza ubora. Nguo inachuja ikitoa rangi majini, inapauka, inakwajuka kwa jua, inafifia, inachakaa. Tena kinatenganisha waziwazi kilichotokea na kilichotendwa: imechanika, imechanwa, imetoboka, imetobolewa, imefifia, imefifishwa, imechakaa, imechakazwa. Upande wa kwanza hauna mtenda. Huwezi kusema vizuri "nguo imechanika na fundi", ila "imechanwa na fundi" ni sahihi kabisa. Mitaani kwetu, ambako kauli ya kutendwa haitumiki sana, watu husema "balipasula nguo", na hapo mtenda yumo, hata kama hatajwi kwa jina.

Rasimu ya kwanza niliyopewa kwa Kifaransa ilisema nguo tatu "usées". Neno hilo linabeba pande zote mbili bila kuchagua, na Kiswahili kinakulazimisha uchague. Nikiandika "zimechakaa", nawaambia wazee kwamba nguo zote tatu zilishuka mgodini. Nikiandika "zimechakazwa", namnyang'anya babu miaka yake na kumpa mjukuu.

Palikuwa na jambo la pili lililongoja uamuzi. Msanii alitaka nguo ya babu nayo ipitishwe katika maji ya chuma, ili rangi za tatu zilingane kabisa. Mama yake alikataa. Upande wangu nilimweleza yale ninayoamini juu ya sarufi, na fundi wa maabara akaongeza la kwake: chuma kikibaki ndani ya pamba huidhoofisha polepole, na nguo yenye umri ule haina nguvu za ziada. Nguo ya babu ikabaki ilivyo. Haikufuliwa hata mara moja.

Kibao kimepita kwa mwalimu bila kusahihishwa. Kinasema: "Nguo ya kushoto imechakaa kazini. Nguo mbili za kulia zimechakazwa na msanii, kwa msasa, javeli, chai na kutu." Jina la babu limeandikwa chini, kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina la mjukuu wake.