Komeo la Bunduki Likiwa Gumu

Mwindaji mmoja mwenye leseni alitusimulia jinsi alivyoponea chupuchupu. Alimpiga nyati risasi moja. Nyati akaanguka, kisha akainuka na kumgeukia. Yule bwana alipotaka kukoki tena, komeo halikuinuka. Akalivuta kwa mikono miwili, wapi! Alipona kwa sababu askari wa wanyama pori aliyekuwa naye alikuwa na bunduki iliyo tayari.

Leo basi tueleze habari ya komeo. Tunasema juu ya bunduki ya kuwindia inayokokiwa kwa mkono kila mara unapopiga. Komeo ni kile chuma cha mviringo chenye mkono. Unauinua mkono, unavuta nyuma, ganda linaruka nje. Unasukuma mbele, risasi inaingia chumbani. Unashusha mkono, na meno ya komeo yanajifunga ndani ya chuma, kama komeo la mlango linavyoingia katika tundu lake. Meno hayo ndiyo yanayozuia moto wa baruti usikurudie usoni. Kwa hiyo ugumu wa komeo si jambo la kupuuza.

Kabla ya kugusa chochote, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, ondoa kidole kwenye kifyatulio na toa risasi zote. Halafu fungua komeo, tazama ndani ya chumba, na uingize kidole kidogo uhakikishe. Macho peke yake hudanganya, hasa jioni.

Kwanza jua kwamba uzito kidogo ni wa kawaida. Bunduki nyingi za kuwindia zimefuata mtindo wa Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898. Hizo hukaza springi pale unapoinua mkono wa komeo, kwa hiyo kuinua ni kuzito kuliko kushusha. Lee-Enfield ya Waingereza, ile ambayo askari wa KAR waliibeba mpaka Burma mwaka 1944, hukaza springi unaposukuma komeo mbele. Mtu aliyezoea moja akishika nyingine hudhani ni mbovu, kumbe ndivyo ilivyoundwa.

Sasa jiulize: komeo ni gumu wakati gani?

Likiwa gumu hata bunduki ikiwa tupu, mara nyingi ni uchafu. Vumbi likichanganyika na mafuta ya zamani huwa kama gundi. Tumekuta watu wanaopaka mafuta ya alizeti. Ndugu, mafuta ya kula hukauka na kunata, tazama tu ukingo wa kikaango! Toa komeo, lifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Safisha pia yale matundu ya ndani ambamo meno hujifunga, maana hapo ndipo wengi hawafiki. Kausha vizuri. Kisha tia tone moja la mafuta ya bunduki nyuma ya kila jino. Mafuta ya cherehani pia yanafaa. Usimwage. Chumba cha risasi chenyewe kiwe kikavu kabisa.

Kama bado ni gumu, tazama skrubu zinazoshika chuma kwenye mti. Wakati wa masika mti huvimba na kusukuma chuma. Pengine fundi aliweka skrubu ndefu mno, ncha yake ikawa inakwaruza komeo. Legeza skrubu ya mbele kidogo, ujaribu komeo bunduki ikiwa tupu. Likiwa jepesi, umeipata sababu. Usipige bunduki skrubu ikiwa imelegea. Mpelekee fundi wa silaha airekebishe. Wala usiazime komeo la bunduki nyingine, hata kama zinafanana. Kila komeo hulinganishwa na mtutu wake, na mara nyingi huwa na namba yake.

Likiwa jepesi tupu, lakini gumu kufunga ukiwa na risasi, kosa huenda liko kwenye risasi. Usilazimishe. Itoe uitazame: imebonyea? Ina mchanga? Maandishi kwenye kitako chake yanalingana na yale ya mtutuni? Na tafadhali, majaribio ya risasi nzima yasifanyike nyumbani.

Ugumu wa tatu ndio mbaya zaidi. Komeo linafunga, unapiga, halafu halifunguki. Maana yake ganda limetanuka na kunasa. Labda chumba kina kutu au mafuta, labda nguvu ya baruti imezidi. Risasi zilizoachwa juani ndani ya gari hupiga kwa nguvu zaidi. Ukiona fataki kwenye kitako cha ganda imelala bapa, au kitako kina alama mpya ya kung'aa, usipige nyingine ya aina hiyo mpaka fundi ameikagua bunduki pamoja na risasi.

Yule bwana wa nyati alikuwa na mkanda wa ngozi. Risasi zake zilikaa humo mwaka mzima, na ngozi ikaipandisha shaba ukoko wa kijani. Asubuhi ile aliona risasi inaingia kwa shida, akaisukuma kwa kiganja. Ishara aliipata mapema, hakuisikiliza. Siku hizi risasi zake hukaa kwenye kopo kavu, anazifuta na kuzipeleka porini siku ya kazi tu.

Na kama komeo limekwama na risasi nzima imo ndani? Usigonge kwa nyundo. Usichokoe kwa ufito kupitia mtutuni. Usiibebe kuingia nayo kijijini wala kupanda nayo basi. Kama ulifyatua haikulia, hesabu polepole mpaka 60 bila kuigusa komeo, kwani fataki huweza kuchelewa. Kisha ilaze, mtutu ukielekea kwenye kichuguu au ukingo wa udongo, mtu mmoja akae nyuma yake kuilinda, na mwingine akamwite fundi wa silaha au askari aje pale pale ilipo.