Upepo wa Lori, Roho ya Fundi Pancha

Lami ya Mpemba hadi Isongole, kilomita 50 hivi, imeipa wilaya ya Ileje biashara mpya. Upande mmoja kuna mpaka wa Malawi. Upande wa pili barabara inaungana na barabara kuu ya TANZAM, yenye malori ya Zambia na Kongo yanayopita Tunduma. Palipo na malori, fundi pancha hakosi kazi.

Mtaji wake unajulikana: kompresa, jeki, mtaimbo, nyundo, viraka. Kizimba cha chuma cha kujazia upepo hakimo.

Na ndicho kingemwokoa. Tairi la gari dogo hubeba PSI 30 na kitu. La lori hufika 110 hata 120, na ubavu wake mpana husukumwa kwa nguvu inayopita tani 30. Kwenye ringi za vipande, kinachozuia nguvu hiyo ni pete ya chuma tu. Ikiwa imeliwa na kutu au haikukaa vizuri, hufyatuka, na wa kwanza kupigwa ni fundi aliyeinama anaigonga kwa nyundo huku upepo ukiingia. Tairi lililotembea na upepo mdogo nalo ni la kuogopwa: nyuzi zake za chuma huchokea ndani, macho hayazioni, kisha ubavu hupasuka likijazwa. Kuchomelea ringi ikiwa bado imevaa tairi ni balaa jingine, kwani joto huzalisha gesi inayolipua.

Marekani iliweka kanuni za kazi hii mwaka 1980: kizimba, mpira mrefu wa upepo wenye kibanio, fundi akae kando. Si teknolojia ya kuagiza ng'ambo. Fundi wa kuchomelea yeyote mwenye mabomba imara anaweza kuunda kizimba hicho.

Tatizo ni soko. Dereva mwenye haraka analipia dakika, na fundi anayechelewa humpoteza kwa jirani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unategemea michango ya waajiri. Fundi aliyejiajiri chini ya mwembe achangiwe na nani?

Kwa maoni yangu, mzigo huu ni wa wenye malori. Wanakatia bima gari na shehena. Basi wawaagize madereva wajaze upepo penye kizimba tu, na nyongeza ya bei wailipe wao. Nawe fundi, kabla ya kulegeza nati ng'oa sindano ya vali, upepo wote utoke.