Mapochopocho si jina la chakula

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi wetu kuhusu arusi anaifahamu vyema aya ile inayofuata baada ya bwana na bibi arusi kula kiapo. Wageni hukaribishwa mezani, na hapo mwandishi hutuarifu kwamba palikuwa na mapochopocho ya kila aina, yaliyowadondosha mate hata waliokuwa wameshiba. Kisha watu hula, hunywa, hucheza ngoma na kurejea makwao. Mimi ni mpenzi wa chakula, wala sioni haya kulisema hilo hadharani, na kila niisomapo aya hiyo huachwa na njaa. Watu hawa walikula nini hasa? Ulikuwa wali wa nazi au pilau? Samaki wa kupaka au mbuzi wa kuchoma? Mchuzi ulikuwa wa nini, na achari je? Mwandishi hasemi. Neno moja limekifunika kila kitu kama kawa lifunikavyo sahani.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Ni neno tamu, nalo lina mahali pake. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kulitumia ili kujiepusha na taabu ya kutaja. Rai yangu ni kwamba mtu asiyeweza kukitaja chakula chake kwa jina hawezi kudai kipikwe inavyopasa, hawezi kukitetea kikidharauliwa, na kikitoweka hatajua kwamba kimetoweka. Wala kosa hili si la wanafunzi pekee. Wao wamelirithi kutoka kwetu sisi wakubwa.

Ingia katika mojawapo ya hoteli kubwa za Nairobi au Mombasa uisome kadi ya vyakula. Aghalabu utaona jibini ikitajwa kwa mji ilikotengenezwa, nyama ya ng'ombe ikitajwa kwa sehemu ya mwili ilipokatwa, na divai ikitajwa kwa shamba, kwa aina ya zabibu na kwa mwaka wa mavuno. Ukifikia vyakula vya hapa petu, maelezo hukatika ghafla: mboga za kienyeji, samaki wa Pwani, basi. Samaki gani? Changu, tafi, kolekole, nguru au tewa? Mvuvi wa Lamu au Shimoni hawezi kukuuzia "samaki" tu, kwa kuwa anajua kwamba nguru hukatwa vipande vikubwa vinavyostahimili moto wa mkaa, ilhali tafi hupikwa mzima na kuliwa kwa subira kwa sababu ya miiba yake. Ujuzi huo wote huachwa nje ya mlango wa hoteli. Mteja naye, aliyesoma na kuhitimu, haulizi.

Tuwaangalie Wafaransa, ambao watu wengi huwasifu kwa mapishi pasipo kujiuliza siri yao. Mwaka wa 1935 walitunga sheria iliyoweka utaratibu wa kuyalinda majina ya divai zao. Kwa utaratibu huo, divai haiitwi kwa jina la eneo fulani ila iwe imetokana na zabibu za eneo hilo, za aina zilizokubaliwa, na iwe imetengenezwa kwa njia iliyowekwa. Ndiyo sababu divai yenye povu iliyotengenezwa kwingineko barani Ulaya haiwezi kuuzwa huko kwa jina la Champagne, hata iwe nzuri namna gani. Kwa Mfaransa, jina ni ahadi baina ya mkulima na mnywaji. Atakayeivunja ahadi hiyo atajibu mbele ya sheria.

Sasa tugeuke tukitazame kinywaji cha Pwani yetu. Mgema huukwea mnazi asubuhi na jioni, kotama mkononi, akakata ncha ya karara ambalo bado halijafunguka, na utomvu ukadondoka ndani ya chombo kilichofungwa huko juu. Utomvu huo ni mtamu kama maji ya miwa, lakini chachu za asili huanza kazi yake mara moja. Kwa hiyo tembo la saa chache si lile la jioni, wala la jioni si lile la kesho yake. Likiachwa siku kadhaa huwa siki, ambayo mpishi huitia katika achari. Lugha yetu inazijua hatua hizo zote: kuna tembo tamu, kuna tembo kali, kuna siki. Miongoni mwa Wamijikenda, mazungumzo ya mahari na matambiko ya wazee huandamana na mnazi. Hapa pana ardhi, pana mti, pana ufundi na pana desturi. Lau ufundi huu ungalikuwa wa Ufaransa, nina yakini kwamba tungalikwisha kuandikiwa vitabu juu yake na kuvinunua kwa bei ghali.

Badala yake sisi tumeutumbukiza mnazi katika kapu moja liitwalo "pombe ya kienyeji", pamoja na kila kioevu kinachochanganywa gizani. Kapu hilo limetugharimu. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli, kemikali ambayo hupofusha na kuua. Sumu ile haikugemwa juu ya mnazi. Sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 ilijaribu kuondoa mchafukoge huu kwa kuruhusu vinywaji vya kiasili vitengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa kuzingatia viwango, huku ikipiga marufuku kumuuzia kileo mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Lakini sheria haiwezi kutufundisha kupambanua iwapo vinywani mwetu vinywaji vyote vina jina moja.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufunzwa madarasani kama onyo kwa mgema, ati asivimbe kichwa. Mimi huiona pia kuwa onyo kwa wanaosifu. Mgema huthubutu kutia maji pale anapojua kwamba wasifuji wake hawawezi kulitambua tembo halisi. Mnywaji anayejua ladha na jina la kila hatua hapunjwi kwa urahisi. Nafahamu kwamba wamo wasomaji ambao dini zao zimewakataza kileo, nami nawaheshimu. Hoja yangu haihusu ulevi, maana mlevi ndiye wa kwanza kupoteza ladha. Hoja yangu ni ujuzi, na ujuzi huo humfaa hata anayekunywa maji ya dafu peke yake.

Asinifikirie mtu kuwa adui wa vitu vya wageni. Divai naipenda, na neno mvinyo lenyewe tuliachiwa na Wareno, pamoja na neno meza ambayo juu yake chupa huwekwa. Linalonichosha ni ulimbukeni. Utamwona bwana mmoja akimkaripia mhudumu kwa kuleta divai nyekundu penye samaki, na ukimwuliza sababu ya kanuni hiyo atakutolea macho. Sababu ipo, wala si ya miujiza. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na maganda hayo hutoa tanini, ule ukakasi unaoukausha ulimi kama ndizi mbichi. Nyama yenye mafuta huulainisha ukakasi huo, ilhali samaki mwororo huelemewa nao. Kwa kuijua sababu, utajua pia mipaka ya kanuni. Utajua, kwa mfano, kwamba kileo huzidisha mwasho wa pilipili, na kwa hiyo mchuzi mkali wa Pwani hauhitaji divai yoyote, uwe wa samaki au wa mbuzi. Maji ya ukwaju yaliyopoa yataufaa zaidi kuliko chupa ya bei kubwa. Anayeifuata kanuni pasipo kuijua sababu yake hana tofauti na mwanafunzi aliyekariri jibu asilolielewa. Isitoshe, nimewasikia wapenzi wa divai wakiyataja majimbo ya Ufaransa kwa ufasaha, wasijue kwamba kwa jirani zetu, kule Dodoma, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na divai hutengenezwa.

Wala sidai kwamba tule tu vile vilivyozaliwa hapa. Tukifanya hivyo, wengi wetu tutalala njaa. Mahindi yalitoka Amerika, ingawa jina lake linatupeleka Uhindi. Muhogo nao ulitoka huko huko Amerika. Kabla ya ugali wa mahindi kutawala, mababu zetu walisonga wa mtama na wa wimbi. Chapati na biriani zilivuka Bahari ya Hindi. Vyakula hivi tulivipokea, tukavipa majina, tukavipika kwa mikono yetu, vikawa vyetu. Hapa ndipo ninapopata ushahidi wangu mkubwa: kilichopewa jina hukaa, na kilichonyimwa jina huondoka.

Mfano wa karibu ni mboga. Kwa miaka mingi mtoto aliyetoka mashambani aliona haya kutaja mboga alizokula nyumbani, kwa kuwa darasani zilihesabiwa kuwa magugu au chakula cha maskini. Mgagani, ambao Waluo huuita dek na Wakisii chinsaga, hupikwa na maziwa ili uchungu wake upungue. Mnavu ndio managu ya Wakikuyu na osuga ya Waluo. Kuna mchicha, kuna mrenda, kuna kunde. Kila moja ina namna yake ya kuchumwa, kuchambuliwa na kuunganishwa na nyingine. Bahati njema, walitokea wataalamu waliofanya kazi ya kuandika. Mwaka wa 1999 Patrick Maundu na wenzake walichapisha kitabu kinachoorodhesha mimea ya vyakula vya kiasili nchini Kenya pamoja na majina yake katika lugha za wenyeji. Juhudi za Kenya za kuvikuza na kuvihifadhi vyakula hivi zilitambuliwa na UNESCO mnamo 2021. Leo mboga hizo huuzwa hata katika maduka makubwa mijini. Kabla ya kurudi sokoni, zilirudishiwa kwanza majina yake.

Neno moja kuhusu adabu za mezani, maana nazo huzungumzwa kana kwamba ziliwasili pamoja na uma. Kula kwa mkono kuna kanuni kali kuliko za kisu. Mdogo humwagia maji mkubwa ili anawe. Mkono ni wa kulia. Kila mtu hula upande wake wa sinia, hanyoshi mkono hadi kwa mwenzake. Mnofu mzuri husogezwa upande wa mgeni. Na anayepita mlangoni hukaribishwa. Mtoto aliyelelewa hivyo ana adabu timamu. Akifunzwa kushika uma, ameongezewa ujuzi, hajatolewa ushenzini. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi kwa kula kwa mkono humfunza kumwonea haya mama yake.

Basi ninawaomba walimu wenzangu wa lugha jambo moja dogo. Mara nyingine mwanafunzi atakapowaletea mapochopocho, msimkate alama kisha mkanyamaza. Mwandikieni pembeni swali hili: yapi hayo? Mpelekeni kwa nyanya yake akaulize chakula kimoja kinaitwaje, kinapikwaje, huliwa wakati gani na pamoja na nini, kisha aandike insha ya maelekezo ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata jikoni. Insha thelathini za namna hiyo kutoka darasa moja ni kitabu, tena kitabu ambacho hakijaandikwa na mtu mwingine yeyote.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba msamiati mzuri ni ule usiofahamika. Anayeandika kwamba wageni waliandaliwa wali wa nazi, changu wa kupaka, kachumbari iliyotiwa ndimu na juisi ya ukwaju ameandika Kiswahili kizuri zaidi kuliko mwenye mapochopocho kumi. Wazee wanaoyajua majina haya bado tunao, lakini hawatadumu milele, na mengi ya wanayoyajua hayamo katika kamusi. Waulizeni wangali wanakula pamoja nasi.