Nyumba ya Maajabu ya Unguja

Wasikilizaji wetu wa Moshi, Marangu na Machame, twajua ya kuwa kutoka migombani kwenu mpaka Unguja ni safari ndefu. Walakini nyumba tutakayowaelezeni leo si ngeni kabisa katika habari za Mlima. Aliyeijenga ni Seyyid Barghash bin Said, naye ndiye aliyemtuma Jenerali Mathews mwaka 1885 kwa Wamangi, na Mangi Rindi wa Moshi miongoni mwao, ili wakiri kuwa wako chini ya bendera yake nyekundu. Mara akaja Mdachi, Dr. Jühlke, na karatasi zake, na maneno ya Sultani yakawa hayana nguvu tena.

Nyumba hiyo, Beit al-Ajaib, ilijengwa mwaka 1883. Haikuwa nyumba ya kulala, bali ya sherehe na baraza, na ya kupokelea wageni wakubwa. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja huwa vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti ya mkoko. Seyyid Barghash alitumia chuma pia: boriti za chuma, na nguzo nyembamba za chuma zilizobeba roshani pande zote. Ndiyo sababu akapata orofa tatu zenye dari za juu sana, na ukumbi wa katikati ulio wazi toka chini hata juu. Wapo wasemao kuwa mlango ulifanywa mpana ili Sultani apite amepanda tembo. Sisi twaona ni hadithi ya kuwafurahisha watoto.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, ikabomoka isijengwe tena, na mnara uliosimama mbele ukaharibika. Beit al-Ajaib ikasalia, ikaongezewa mnara wa saa. Tangu mwaka 1911 ikawa ofisi za serikali ya Kiingereza. Baada ya mapinduzi ya 1964 ikawa ya chama cha Afro-Shirazi. Na mwisho ikawa nyumba ya maonyesho. Katika ukumbi ule wa katikati kiliwekwa chombo kizima, mtepe, kilichoundwa mwaka 2003 kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja. Wanafunzi walikizunguka wakitazama kazi ya babu zao.

Lakini chuma kilichoipa nyumba upana wake kilikuwa na adui. Chuma kikipata maji na upepo wa chumvi hushika kutu, na kutu huvimba kupita chuma chenyewe, hata ikapasua chokaa iliyokizunguka. Ufa ukifunguka, maji huzidi kuingia. Na paa la nyumba hii lilivuja miaka mingi. Mwaka 2012 sehemu moja ikaanguka. Watu wakaonywa, fedha zikatafutwa, na kazi ya kuitengeneza ikaanza, ila ilikwisha kuchelewa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili wakafa chini ya mawe yale.